Sura ya Sita: Jina Lililozunguka Peke Yake

Kituoni walimwita Inspekta Chapchap, naye jina hilo alilipenda kuliko cheo chake. Kesi alizoshika yeye hazikuota kuvu. Ndiyo maana asubuhi hiyo alipanda ngazi za jumba la kumbukumbu mbilimbili, jalada kwapani, akipiga mluzi. Kesi ya kaseti iliyoibwa ilikuwa imebakiza kitu kimoja tu, nakala ya video. Akishaipata, jalada litamfikia mwendesha mashtaka kabla ya saa kumi, na kesho yule mama mshonaji atasomewa shtaka la wizi. Kwake ilikuwa sawa na kumsukuma mlevi.

Chumba cha kunasia video kilikuwa mwisho wa korido. Dirisha lilizibwa kwa kadibodi ili mwanga usipige kwenye vioo, na hewa ilinuka vumbi lililopashwa moto. Mezani zilipangwa kompyuta za nyumbani za miaka mingi iliyopita, zile ambazo kibodi ndiyo kompyuta yenyewe. Pembeni yake palikuwa na redio kaseti, televisheni nzito ya kichogo, na kisanduku cheusi kilichopokea picha kutoka kwenye mashine hizo na kuzipeleka kwenye kompyuta ya kisasa. Katikati ya nyaya hizo zote aliketi Fundi, mtu mnene, mpole, aliyezoea kuongea na mashine kuliko binadamu.

"Karibu, afande. Nakala yako hii hapa kwenye flashi."

"Niione kwanza. Nisije nikapeleka mahakamani harusi ya mtu."

Fundi alicheka, akaiwasha. Kabla ya picha yoyote kutokea, chumba kilijaa mlio mkali wa kukwaruza. Inspekta akaziba masikio.

"Hii kelele ya nini?"

"Hiyo ndiyo programu yenyewe. Zamani michezo ya kompyuta iliwekwa kwenye kaseti za kawaida za muziki. Mashine inasikiliza kelele hiyo na kuielewa. Wenzangu huikata, mimi huiacha. Watu wazima waliokuja kwenye maonyesho walipoisikia, wengine walitokwa na machozi."

"Ya huzuni au ya masikio?"

Mlio ulikoma. Kioo kikawa cheusi chenye nyota, na katikati likatokea jina la mchezo, KIMBIZANO. Chini yake jina jingine lilianza kuzunguka polepole, herufi za buluu zilizofuatana kwa adabu: KIPANGA.

Kipanga lilikuwa jina la utani la Mhadhiri, msomi wa chuo kikuu mwenye shahada ya udaktari. Ndivyo walivyomwita shuleni alipoutunga mchezo huo, kabla hajawa mtu mkubwa mwenye ofisi ya ghorofa ya tano. Watoto wa enzi zile waliucheza mpaka wakapigwa na mama zao, wakiharakia mchezo bila kuyasoma majina ya mwanzoni. Kisha kaseti zikapotea moja baada ya nyingine, hata ikaaminika haikusalia hata moja. Ndipo mwaka huu yule mama mshonaji akaleta moja, iliyotoka kwenye sanduku la mdogo wake aliyefariki. Aliileta mwenyewe, imefungwa kwenye kitambaa. Alisema mdogo wake, aliyeitwa Njiti kwa wembamba wake, aliutunga mchezo huo pamoja na Kipanga, na majina yao yote mawili yalikuwa kwenye kioo.

Siku ya ufunguzi wa maonyesho walimkalisha mstari wa mbele pamoja na wajukuu zake. Video ikaonyeshwa. Jina likawa moja. Mama akasimama katikati ya ukumbi akauliza, "Na mdogo wangu yuko wapi?" Watu wakacheka kwa chinichini, wakamtoa nje kwa upole wa kumtoa mlevi. Kesho yake kaseti haikuwamo kabatini. Mlinzi alikumbuka kumwona mama huyo kwenye korido hii, ameegemea ukuta, analia.

Hayo tu yalimtosha Chapchap.

"Sawa," alisema, akinyoosha mkono apokee flashi. Kisha mkono ukabaki hewani. "Hebu. Hilo jina linazunguka nini?"

"Samahani?"

"Kitu kikizunguka, kinazunguka kitu. Hilo linazunguka hewa."

"Ah, mbwembwe za vijana hizo, afande."

Inspekta alitikisa kichwa kukubali, lakini macho yake hayakutoka kwenye kioo. Jina lilikwenda upande wa kulia, likashuka, likarudi kushoto, likapanda. Kila lilipokuwa juu, chini palikuwa na pengo la ukubwa wa jina jingine. Akakumbuka maneno ya mama siku ya mahojiano, maneno aliyoyacheka na koplo wake baadaye kwenye korido: "Majina yalikuwa yanafukuzana, mwanangu. Yanatetemeka kama mtu mwenye homa."

"Mbona hili halitetemeki?" aliuliza.

"Litetemeke kwa nini?"

"Yule mama alisema majina yalitetemeka. Muongo wa kawaida angesema yalikuwa mawili, basi. Homa ameitoa wapi?"

Fundi aligeukia kioo. Alisimamisha video. Akaisogeza picha mojamoja, mbele, nyuma, tena mbele. Kisha akavua miwani na kuiweka mezani, na bila miwani uso wake ulionekana uchi.

"Mungu wangu," alisema. "Nimemfuta mimi."

"Nieleze kwa Kiswahili cha kawaida."

"Afande, umewahi kuona watu wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja? Huyu anainua mchi, yule anashusha. Sasa wewe fumba macho kila yule wa pili anaposhusha. Utaapa kwamba anatwanga mmoja."

"Endelea."

"Mashine hii huchora picha hamsini kwa sekunde. Ila ina udhaifu. Herufi zinazotembea haiwezi kuzichora zaidi ya nane kwa mara moja. Kipanga ni herufi saba. Ongeza Njiti, zimezidi. Nadhani wale vijana waliamua wapokezane, picha hii jina la huyu, picha inayofuata jina la yule. Jicho haliwezi kuwatenganisha. Linawaona wote wawili, ila wanatetemeka."

"Na video yako?"

Fundi alitazama mikono yake. "Faili lilikuwa zito. Walitaka video nyepesi, iingie kwenye simu za wageni. Nikaibana. Picha moja nachukua, moja naruka. Hamsini zikawa ishirini na tano. Ndivyo nilivyofanya na video zote za humu, na hakuna aliyelalamika."

"Kwa hiyo ulizochukua zote ni za Kipanga."

"Na nilizoruka zote ni za marehemu."

Inspekta alivuta kiti, akakaa. Haikuwa kawaida yake kukaa. "Faili la mwanzo, lile zito, liko wapi?"

"Nililifuta. Diski ilijaa."

"Lakini ulipokuwa unanasa, televisheni ilikuwa mbele yako. Hukuona majina mawili?"

Masikio ya Fundi yalikuwa yamebadilika rangi.

"Kaseti inachukua muda kupakia, afande. Nilikwenda kula."

Kwa mtu mwingine siku nyingine, Inspekta angecheka mpaka ashike mbavu. Leo hakuona cha kucheka. Aliona njia mbili, na akaifuata kwanza iliyokuwa karibu.

"Uligundua kosa lako mama aliposimama ukumbini. Ukaogopa kazi. Ukaificha kaseti."

"Ningelijua, nisingekupa flashi leo huku nacheka."

"Ufunguo wa kabati anakaa nao nani?"

"Anakaa nao msumari." Fundi alionyesha kwa kidevu. Ufunguo ulining'inia kando ya mlango, wazi kwa yeyote mwenye macho. "Kila anayeingia humu anaujua."

"Na kabla ya maonyesho, nani aliingia humu kuiona video?"

"Mhadhiri peke yake. Alikaa hapo ulipokaa."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Aliniomba niirudie." Fundi alikunja uso, kama anayesikia wimbo wa mbali. "Halafu akasema mashine imezeeka, itatuaibisha mbele za wageni, tuonyeshe video tu. Nilishangaa kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa akinisumbua wiki nzima, anataka watoto waucheze mchezo kwenye mashine halisi."

"Kabla ya kuona video alitaka mashine. Baada ya kuiona, hakuitaka."

"Ndiyo."

"Na kwenye video hiyo alikuwa peke yake."

Fundi alivaa miwani yake tena, polepole. Wote wawili walikuwa wamefika mahali pamoja, na hakuna aliyependa kupaita jina. Inspekta alijua vilevile kwamba mbele ya hakimu yote hayo ni maneno matupu. Bila kaseti hakuna jina la pili. Bila jina la pili, mama ni muongo aliyeonekana akilia karibu na kabati.

Alibofya video ianze upya, kwa kukosa la kufanya. Mlio ule mkali ukajaa chumbani. Safari hii hakuziba masikio.

"Umesema kelele hii ndiyo programu yenyewe."

"Ndi..." Fundi aliganda. "Afande!"

"Mwizi ameondoka na kaseti. Sauti yake umebaki nayo wewe."

"Imebanwa. Sauti nayo niliibana. Inaweza kukataa."

"Iulize."

Fundi alichomeka waya mmoja kwenye tundu la visikilizio la kompyuta ya kisasa, upande wa pili akauchomeka kwenye tundu ambalo ile mashine kongwe husikilizia kaseti. Akawasha televisheni ya kichogo, ikaunguruma na kunuka. Mara ya kwanza mashine ilikataa katikati. Fundi akapandisha sauti, ikakataa mapema zaidi. Akaishusha kidogo, akaukaza waya kwa kidole, akaushikilia hivyohivyo bila kupumua. Hakuna aliyekwenda kula.

Nyota zikatokea, kisha KIMBIZANO. Halafu likaja jina la buluu, na mbele yake, likilikimbia, jina jekundu. Kipanga likipanda, Njiti lilishuka. Njiti likipanda, Kipanga lilishuka. Hakuna aliyekuwa juu ya mwenzake kwa zaidi ya pumzi moja. Na yote mawili yalitetemeka kama mtu mwenye homa.

Inspekta aliona aibu. Alikumbuka alivyoingia kwenye kibanda cha mshonaji adhuhuri ile na askari wawili, wateja wamejaa, mmoja akiwa na utepe wa kupimia shingoni. Hakutoa hata shikamoo. Alivuta droo, akakung'uta vitambaa, akamwaga sakafuni makopo ya vifungo yaliyopangwa kwa rangi na ukubwa. Kaseti hakuiona. Basi badala yake akaacha maneno, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mama, uzee si kinga ya uongo." Mteja mmoja alicheka. Mama alikuwa anatazama vifungo.

"Mpigie simu Mhadhiri," alisema. "Mwambie tunahitaji atutambulie mashine. Usiseme zaidi. Na hiyo televisheni igeuze, iupe mlango kisogo."

Mhadhiri alifika upesi, suti imenyooka, tabasamu limenyooka zaidi. Aliwapa mikono wote wawili, akamuuliza Fundi hali ya mgongo wake. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililoifanya kazi kuwa ngumu.

"Eti mnataka msaada wangu?"

"Mdogo tu, Daktari. Fundi, geuza."

Televisheni ikageuzwa. Rangi nyekundu na buluu zilimwangukia Mhadhiri usoni kwa zamu. Tabasamu lilibaki mdomoni muda kidogo baada ya macho kuliacha.

"Haiwezekani."

"Nini hakiwezekani?"

"Kaseti haiwezi kuwa hapa."

"Hakuna aliyekuambia tuna kaseti," alisema Inspekta. "Na mtu anayejua kwamba haiwezi kuwa hapa, anajua ilipo."

Mhadhiri alitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia. Fundi alimsogezea. Akakaa, macho kwenye majina yale mawili.

"Sikufuta jina la mtu," alisema hatimaye. "Andika hivyo, Inspekta. Sikumwambia Fundi akate chochote. Nilikaa hapa nikaona jina langu peke yake, nikadhani mashine imekosea. Nikaomba irudiwe. Likaja peke yake tena."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho yake kadi za mwaliko zikatoka, zimeandikwa mtunzi wa mchezo, mmoja. Nikajiambia nitasema kwenye hotuba."

"Kwenye hotuba, mama akakutangulia."

"Akasimama. Ukumbi mzima ukanigeukia mimi, unasubiri niseme. Na mimi..." Aliyafumba macho. "Nikasema tumsamehe mama, msiba umemchanganya."

"Unamfahamu?"

"Nimfahamu?" Mhadhiri alicheka kicheko kisicho na kitu ndani. "Njiti na mimi tulikula sahani moja miaka yote ya shule. Nyumbani kwao. Huyo dada yake ndiye aliyetushonea sare. Yangu aliishona kwanza, ya mdogo wake ikafuata, kwa sababu mimi nilikuwa mgeni. Njiti alinuna siku nzima. Ndiyo maana tulipotunga mchezo alisema, safari hii hakuna wa kwanza, tutazunguka."

Fundi aliinuka akaenda kusimama dirishani, akaitazama kadibodi.

"Kaseti iko wapi, Daktari?"

"Garini. Chini ya kiti cha dereva. Niliichukua asubuhi ile baada ya maonyesho, nikijua mtu akiiweka tu kwenye mashine nimekwisha. Nilikusudia kuitupa, nikashindwa. Kila nikifunga breki naisikia inagonga." Alinyanyua uso. "Nilisikia mmempekua yule mama. Hilo nalo nililinyamazia."

Neno kali lilimjia Inspekta ulimini, likafika mpaka kwenye meno. Akalimeza. Mhadhiri alimnyamazia mama yule, yeye alimpigia kelele. Nyani haoni kundule, na leo yeye alikuwa ameliona. Akamwita koplo aliyekuwa nje, akamkabidhi Mhadhiri amsindikize garini kuitoa kaseti na kisha kituoni, na akaagiza asifungwe pingu mbele za watu. Alijua aliyekuwa akimuonea huruma hakuwa Mhadhiri, alikuwa yeye mwenyewe.

"Fundi, mashine hiyo usiizime."

"Siizimi, afande. Hata umeme ukikatika nitaushika kwa mkono."

Kibanda cha mshonaji kilikuwa na wateja tena. Kulikuwa na bwana aliyesubiri suruali, na wanawake wawili waliobishana kuhusu kola, mmoja wao akiwa yule aliyecheka. Inspekta alipotokea mlangoni, mabishano yalikatika. Mguu wa mama uliacha kukanyaga, cherehani ikanyamaza. Alikuwa mama mfupi, mwenye pini mdomoni, naye hakuzitoa.

"Shikamoo, Mama."

Salamu ilibaki palepale ilipoangukia. Inspekta alivua kofia. Alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakamkimbia.

"Nimekuja kusema mbele ya watu kwa sababu nilikutukana mbele ya watu. Hukuiba kitu. Hukusema uongo. Kaseti imepatikana kwa mtu mwingine, na jalada lako limefungwa. Jina la mdogo wako lipo kwenye mchezo, nimeliona kwa macho yangu. Lilikosekana kwenye video kwa sababu ya namna ilivyotengenezwa. Mimi sikutafuta kujua. Nilikuwa na haraka. Naomba radhi."

Mwanamke wa kola alitazama viatu vyake. Mama alitoa pini mdomoni mojamoja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Lina rangi gani?" aliuliza.

"Jekundu."

"Alipenda nyekundu." Akaupangusa uso kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa mkononi, kitambaa cha mteja. "Nani yuko juu?"

"Hakuna, Mama. Wanazunguka. Mashine inawaka sasa hivi, gari liko nje. Twende ukalione."

"Linaweza kuzimika?"

"Fundi ameapa halizimiki."

"Basi litanisubiri. Limezoea."

Aliinama chini ya meza, akavuta beseni la plastiki na kulisukuma kwa mguu mpaka mbele yake. Lilijaa vifungo, vya mashati, vya makoti, vya nguo za watoto, vyeupe na vyeusi na vya kahawia, vyote vimechanganyika kama vilivyozolewa sakafuni. Juu yake akaweka makopo matupu.

"Macho yangu hayaoni tena vidogo," alisema. "Nilijaribu jana, nikaacha."

Inspekta aliweka kofia kando, akakaa sakafuni na sare yake, miguu ameikunja katikati ya vipande vya uzi. Alianza na vyeupe. Vilifanana kuliko alivyodhani, na kila alipoharakisha alikosea kopo, ikambidi akimwage na kuanza upya. Cherehani ikaanza kukanyagwa tena.

Baadaye aliingia mteja mpya na gauni mkononi. Alimkuta afisa wa polisi yuko chini, ameinua kifungo kwenye mwanga, akakosa mahali pa kukanyaga.

"Mama, huyu naye kulikoni?"

Mama hakunyanyua macho kwenye pindo alilokuwa akilishona.

"Alikuja juzi kutafuta kitu," alisema. "Bado hajamaliza."